Maswali na Majibu: GPS ya Mkononi na Tarakimu Zisizo na Datumu

Swali: Nikisimama darajani, nukta inayosomwa na GPS yangu inaangukia karibu mita 300 kutoka daraja hilohilo kwenye ramani ya 1:50,000. Je, kifaa ni kibovu?

Jibu: Kifaa ni kizima. Ramani hizo za Tanzania zilichorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali kifaa hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa WGS 84, na kwa huku kwetu tofauti ya hizo mbili ni takribani mita 300, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini. Ingia kwenye mipangilio, fungua muundo wa majiranukta (tarakimu zinazotaja mahali), chagua UTM (gridi ya mita), kisha weka datumu ya Arc 1960. Pointi ulizokwisha kuchukua hazitaharibika, kwa kuwa kifaa huzigeuza wakati wa kuzionyesha tu. Zitakazokupotosha ni zile utakazoziingiza kwa mkono huku datumu si yake. Niliwahi kushuhudia gari la kuchimba kisima likielekezwa kwa kipande cha karatasi ya daftari, chenye tarakimu mbili ndefu za wino wa bluu na si zaidi, likaenda kusimika mtambo katikati ya mihogo ya mtu asiye na habari. Aliyeziandika hakukosea hata tarakimu moja. Hakuandika datumu.

Swali: Nimepima kiwanja changu kwa GPS ya mkononi na bikoni (alama ya mpaka) moja haikubaliani nami. Naweza kuisogeza?

Jibu: Hapana, na swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi mno. Kifaa hicho hukosea mita 3 hadi 10 hata penye anga wazi. Mwite mpima ardhi, na uelewe kwamba kugusa bikoni ni kosa la jinai.

Swali: Pointi nilizochukua Kongwa, mwenzangu wa Dodoma mjini akiziingiza zinatokea upande wa Ziwa Tanganyika. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu ulimpa tarakimu za UTM bila kanda, yaani kipande cha dunia cha nyuzi 6 ambacho tarakimu hizo zimo. Dodoma mjini imo kanda ya 36 na Kongwa ya 37, kwa kuwa mpaka wa kanda ni nyuzi 36 mashariki, unaopita katikati yenu. Kifaa chako kilibadilisha kanda chenyewe na kuionyesha mbele ya tarakimu. Wewe ndiye uliyeiacha, na kanda moja ni zaidi ya kilomita 600.

Swali: Nyuzi 6 na dakika 48 niliziingiza kama 6.48. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, wa kilomita 35 hivi. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo ni 6.8. Chagueni muundo mmoja kabla ya kutoka ofisini, nyote mliomo kwenye gari.

Swali: Niwashe WAAS (masahihisho ya GPS yanayotumwa kwa setilaiti) ili kuongeza usahihi?

Jibu: Zima. Masahihisho yake ni ya Amerika Kaskazini. Hapa yatakumalizia betri tu.