Kama unataka gari ya mashindano ya kutembelea Mwanza, sahau supercar, angalia ukoo wa rali

Ferrari F40 na McLaren F1 nazipenda sana na sidhani kama kuna mpenda magari asiyezipenda. Ila swali ninaloulizwa na vijana wengi hapa mjini ni lingine, wanataka gari iliyotokana na mashindano ambayo Jumatatu unaamka nayo unaenda kazini, mchana unapita Mwaloni Kirumba unabeba samaki, jioni unarudi nayo Nyegezi. Hapo F40 inatoka mapema, ile gari ya 1987 haina hata kapeti sakafuni na mlango unaufungua kwa kuvuta kamba. McLaren F1 dereva anakaa katikati, abiria wawili wanakaa pembeni nyuma yake kidogo, na ni kweli ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans 1995, lakini zote zilitengenezwa kwa lami safi iliyonyooka, sisi lami yetu ina matuta, ina rasta, ina mashimo ya baada ya masika na ukitoka pembeni tu uko kwenye changarawe.

Ndo maana mi siku zote nasema angalia magari ya rali. Kwenye rali ya Group A sheria ilikuwa hivi, kampuni ikitaka kushindana lazima kwanza itengeneze gari hiyo hiyo kwa ajili ya wateja wa kawaida, maelfu kabisa, baadaye idadi ikashushwa mpaka 2,500. Kwa sheria hiyo tukapata Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) na Subaru Impreza WRX, zote za 1992, na Toyota Celica GT-Four pia. Lancer na Impreza ni sedani ya milango minne, siti tano, buti, AC, tairi zote nne zinavuta, injini ya cc 2000 yenye tabo (turbo). Hiyo ni gari ya mashindano ambayo mama yako anaweza kupanda nyuma bila shida.

Na hizi mbili hazikupimwa Ulaya peke yake, zimepimwa hapa jirani Kenya. Safari Rally ya 1996 alichukua Tommi Mäkinen na Lancer, 1997 Colin McRae na Impreza, 1998 Richard Burns na Mitsubishi, 2000 Burns tena safari hii na Subaru, 2001 Mäkinen na Mitsubishi. Katikati hapo ni 1999 tu ndo McRae aliichukua na Ford Focus. Ila zingatia kitu kimoja, zile za Safari zilinyanyuliwa juu, zikawekewa bampa za chuma mbele na bomba la kuvutia hewa juu kwa ajili ya maji, ya dukani haikuja hivyo, ya dukani iko chini na shokapu zake ni ngumu.

Mi natumia STI, yaani ile Impreza WRX kali zaidi, bodi ya GDB, na shemeji yangu ana Lancer Evo VII, tunabadilishana mara kwa mara tukiwa na safari, kwa hiyo ninayosema hapa nimeyakalia kwenye usukani.

Chukua barabara ya Musoma. Ukishapita Kisesa unaanza kukutana na vijiji, na kila kijiji utaratibu ni ule ule, kibao cha 50, rasta, tuta, rasta, na mara nyingi trafiki na tochi yake kwenye kivuli. Ukiwa na Evo kila tuta ni kazi, unapunguza mpaka gia ya kwanza, unalikata tuta kwa upande ili tairi ipande moja moja maana ukiingia wima ile midomo ya bampa inakwangua, na rasta unazihisi zote mpaka kwenye meno. Siti zake za Recaro zinakushika vizuri mno kwenye kona lakini mpaka ufike Lamadi mgongo umechoka. STI nayo sio laini, asikudanganye mtu, ila iko juu kidogo na inasamehe zaidi, tuta la kawaida unalipanda polepole wima na maisha yanaendelea. Kitu kingine Evo inakata kona kwa upana sana, kwenye vichochoro vya Mabatini au kule juu Isamilo kwenye mawe, mahali ambapo Vitz inageuka mara moja we unaenda mbele nyuma mbele nyuma na klachi yenyewe nzito, ukishuka hapo mguu wa kushoto unauma kweli.

Ila niwe mkweli kwa upande wa pili, barabara ikifunguka Evo ni gari nzuri zaidi. Stelingi yake ni kali, ukiionyesha kona inaingia yenyewe, ile difu ya nyuma ya AYC inagawa nguvu kati ya tairi ya kushoto na kulia na unahisi kabisa gari inazungushwa kuelekea ndani ya kona. Na injini yake, 4G63, bloku ni ya chuma, imesimama wima, fundi anafungua boneti anaona kila kitu. Subaru injini imelala, pistoni zinapigana kushoto na kulia, uzito unakaa chini na gari inatulia barabarani, lakini kubadilisha plagi tu ni mateso kwa sababu zimebanana na chesisi pembeni. Alafu intakula ya STI, ile inayopooza hewa ya tabo, iko juu ya injini, ukikwama kwenye foleni ya Buzuruga saa nane mchana inapashwa na joto la injini na ukiondoka unasikia gari imekuwa nzito mpaka ipate upepo. Ya Evo iko mbele nyuma ya bampa, haina tatizo hilo.

Sasa kwa nini pamoja na hayo nasema chukua STI? Spea na mafundi. Mwanza imejaa Forester, Impreza na Legacy, kwa hiyo bushi, beringi, filta na mafundi walioshika hizo injini wapo. Evo vitu vingi unaagiza Dar vinakuja na basi, na vingine mpaka nje ya nchi. Pampu ya AYC ikifa, na ni ugonjwa unaojulikana wa hizo gari, taa zinawaka kwenye dashibodi na gari inaweza kukaa wiki kadhaa inasubiri kifaa. Kama una gari nyingine sawa, kama ndo gari yako pekee fikiria mara mbili.

Kuna mambo mawili naomba uyashike kwa gari yoyote kati ya hizi. La kwanza petroli. Zilitengenezwa kwa mafuta ya Japani ya daraja la juu, oktani 100 hivi, ya pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiongeza upepo wa tabo juu ya mafuta haya injini inaanza kugonga kwa ndani na kwenye Subaru pistoni inapasuka pale ringi zinapokaa. Tafuta fundi wa kompyuta aishushe ifae mafuta ya hapa, utapoteza nguvu kidogo na utabaki na injini. La pili oili. Injini ya Subaru yenye tabo ikipungukiwa oili beringi za konrodi ndo zinaondoka, na huo ni mwisho wa injini. Mi napima asubuhi kabla sijawasha na lazima gari iwe sehemu tambarare, Mwanza ni milima, ukipima umepaki kwenye mteremko wa Bugando ile stiki inakudanganya maana injini imelala na oili inakimbilia upande mmoja. Unaichomoa, unaifuta na kitambaa, unairudisha mpaka mwisho, unaichomoa tena ndo unasoma, na ukiangalia pande zote mbili usome ule wa chini.

Kama una watoto wadogo, chukua Forester yenye tabo. Ilitoka 1997 kwenye chesisi ya Impreza, iko juu, buti kubwa, na Japani kuna Forester STI ya 2004 yenye gia sita. Ila hiyo ni cc 2500, imevuka 2000 na ushuru wake ni mkubwa zaidi, na zote hizi ni za zamani zina nyongeza ya uchakavu, kwa hiyo pita kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote.

Ukipata ya kununua, dai karatasi ya mnada ya Japani. Daraja likiwa R au RA imeshawahi kugongwa ikatengenezwa. Iwe haijachezewa, ekzosi yake ya kiwandani, tabo yake ya kiwandani. Iwashe ikiwa baridi kabisa, sikiliza, alafu ikunje stelingi mpaka mwisho uzungushe polepole kwenye uwanja, ikikwamakwama difu ya kati ina shida. Kama ni GDB au Evo VII na muuzaji hana risiti ya mkanda wa taiming, hesabu kwamba haujabadilishwa, weka hela ya mkanda na pampu ya maji pembeni, na kwenye Evo mwambie fundi abadilishe na ule mkanda mdogo wa balansi, maana ukikatika unaingia kwenye mkubwa na vyote vinaondoka pamoja.