Shahada ya jiolojia kwa mkopo: piga hesabu ya mwaka mbaya

Mkuu, umesema umepata nafasi ya kusoma jiolojia, utakopa karibu gharama zote, na deni litafika kama mishahara 20 ya mwezi ya mtu anayeanza kazi. Mjomba wako anasema usiogope, migodini hela zipo. Mjomba hajadanganya, ila amekuhesabia mwaka mzuri tu. Mimi nilisoma fani hiyohiyo kwa mkopo, ngoja nikwambie yaliyonikuta.

Nilianza chuo 2011. Mwezi Septemba mwaka huo dhahabu ilivuka dola 1,900 kwa wakia, na mafuta yalikuwa juu ya dola 100 kwa pipa. Kaka zetu wa mwaka wa mwisho walikuwa wanagombaniwa kabla hata ya kufanya mitihani. Nikakopa bila kuuliza mara mbili. Nilipomaliza 2015 dhahabu ilikuwa inateremka kuelekea 1,050, na Januari 2016 mafuta yakawa chini ya dola 30. Bei zikianguka, kitu cha kwanza kukatwa ni utafiti wa madini, maana mgodi unaozalisha unaweza kwenda miaka kadhaa bila kutafuta mwamba mpya. Na utafiti ndiko wajiolojia wapya wengi wanakoanzia. Nilikaa miezi 14 bila kazi ya fani.

Deni lenyewe halikukaa kunisubiri. Chukua mfano: unakopa 100 kila mwanzo wa mwaka kwa miaka minne, riba asilimia 6, na riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza. Umepokea 400, lakini siku ya kuhitimu unadaiwa kama 464. Kaa mwaka mmoja mtaani, inakuwa kama 492. Hujanunua hata nyundo ya kupasulia mawe.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kurekodi miamba inayotoka kwenye uchorongaji (kutoboa ardhi kwa mashine ili kutoa sampuli): siku 28 kambini, 14 nyumbani. Malipo kwa siku yalinifurahisha sana, na posho za kambini juu yake. Nikawatangazia ndugu (kosa jingine hilo, lina gharama zake). Mashimo yalipokwisha kuchorongwa, mkataba nao ukaisha. Mwaka ule nilifanya kazi miezi saba. Kwa hiyo ukiambiwa mshahara wa mjiolojia wa utafiti, uliza analipwa miezi mingapi kwa mwaka, zidisha mshahara kwa miezi hiyo, kisha gawanya kwa 12. Hicho ndicho kipato chake.

Sasa rudi kwenye mishahara yako 20. Ukilipa kwa miaka kumi kwa riba ya asilimia 6, kila mwezi unakatwa kama asilimia 22 ya mshahara wa kuanzia. Inabana lakini inawezekana. Ukipata mwaka kama wangu wa miezi saba, rejesho lilelile linakula asilimia 38 ya ulichoingiza. Deni lingekuwa mishahara 12, makato yangekuwa kama asilimia 13, na hata mwaka wa shida usingekutupa. Mimi kipimo changu ni hicho, 12. Zaidi ya hapo tafuta chuo cha bei nafuu, au ufadhili, au ukae mwaka mmoja ufanye kazi kwanza.

Jambo ambalo watu hawalisemi: pesa nzuri ya fani hii inachelewa. Kampuni za madini zinapotangaza kiasi cha madini zilichogundua hufuata kanuni maalumu. Za Australia zinaitwa JORC, na za Kanada NI 43-101, zilizokuja baada ya kashfa ya 1997 ya Bre-X, kampuni ya Kanada iliyotangaza dhahabu ambayo haikuwepo. Zote zinataka anayewajibika kwa taarifa hizo awe na uzoefu wa angalau miaka mitano, na awe na uzoefu unaohusiana na aina ya madini yanayotangazwa. Miaka mitano ya dhahabu haikupi uzito kwenye makaa ya mawe. Sahihi yako inaanza kuwa na bei wakati deni limeshakutafuna katika miaka ile ya mwanzo.

Kilichoniokoa mimi ni maji. Kupima ardhi kwa umeme kutafuta mahali pa kuchimba kisima, kusimamia uchimbaji, kupima kisima kinatoa kiasi gani. Malipo ni madogo kuliko ya mgodini, lakini watu hawaachi kunywa maji kwa sababu dhahabu imeshuka. Uchunguzi wa udongo na miamba kabla ya kujenga madaraja na majengo nao una utulivu kama huo. Chuoni somo la maji ya ardhini lilikuwa la hiari, nikalikwepa kwa kuliona la watu wasio na ndoto. Nilikuja kulisoma usiku, nikiwa na miaka 27, kwa madaftari ya kuazima.

Shahada ya pili usiikopee kwa ajili ya kujificha soko likiwa baya. Kuna vyuo vinavyowalipa wanafunzi wa uzamili wasaidie kufundisha au kufanya utafiti. Hivyo ndivyo vya kuomba.

Kabla hujasaini, soma mkataba wa mkopo uone riba inaanza kuhesabiwa siku ya kupokea au baada ya kuhitimu, na kama unaruhusiwa kusimamisha marejesho ukiwa huna kazi. Halafu niletee hapa orodha ya masomo ya hiari ya mwaka wa tatu, tuangalie kama kuna la maji.