Niliagiza naveti ya Singer 29K Uingereza, ikaja isiyo yake: habari ya kurudishiwa makuta

Papa, uliuliza kama kuna mtu wa hapa Lubumbashi aliyewahi kuagiza pyesi, yaani vipuri, za Singer 29K, ile mashini ya kushonea viatu, kwenye duka la intaneti, na kama kitu kikija kibaya makuta, yaani pesa, yanarudi. Mimi niliagiza. Makuta ya pyesi yalirudi nusu tu, tena kwa kuvutana, na hadi leo nikikumbuka moyo unaniuma. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu wewe unataka kununua kwa ajili ya atelie yako, karakana yako ya pale komini ya Kenya hapahapa mjini, na mbele ya duka kama lile mtu wa atelie ana kinga ndogo kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Mashini ninayoisema ni ya marehemu baba. Aliitumia kushona viatu vya usalama vya watu wa migodini, mikoba ya wanafunzi, hata viti vya lori. Sasa iko nyumbani kwangu, komini ya Katuba, na nataka ifanye kazi tena kwa sababu ni yake, si kwa biashara. Nambari yake inaanza na herufi EE, yaani ilitengenezwa Clydebank, Scotland, kwenye miaka ya 1940. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Kwa hiyo duka lolote linalokuambia lina pyesi za asili linauza zilizong'olewa kwenye mashini zilizokufa, au zilizobaki stoo tangu zamani. Nyingine ni mpya, zinatengenezwa China kwa kufuata umbo lilelile. Mimi sina neno na yoyote kati ya hizo, mradi muuzaji aseme ni ipi.

Wewe unaijua 29K kuliko mimi, lakini kuna wengine watakaosoma hapa. Mguu wake unazunguka pande zote, ndiyo maana fundi anaweza kushona kiraka bila kugeuza kiatu, na mkono wake ni mwembamba ili uingie hadi ndani ya buti. Kwenye ncha ya mkono huo ndimo inamokaa naveti, ile nyumba ndogo inayobeba bobini, kigurudumu kinachozungushiwa uzi wa chini. Kuna 29K za bobini ndogo na 29K za bobini kubwa, na naveti zake haziingiliani hata kidogo. Kwenye picha ya simu mtu anaweza kuzichanganya kirahisi.

Kwa kulijua hilo, kabla ya kulipa niliwaandikia watu wa duka moja la intaneti la Uingereza. Niliwapa namba ya modeli kama ilivyo kwenye kibao cha mashini, nikatuma picha ya naveti ya baba iliyolika, imelala kando ya rula. Wakajibu kwa maandishi kwamba waliyo nayo ndiyo yake. Nikalipa dola 64 za pyesi na dola 48 za usafiri.

Kifurushi kilipofika nilikifungua palepale mezani. Naveti ilikuwa safi, imepakwa mafuta, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Nikaitoa sahani ndogo ya ncha ya mkono, nikajaribu kuiweka. Haikukaa. Ukingo wake ulipanda juu ya pete yenye meno inayoiendesha, na gurudumu nilipolisukuma kwa mkono taratibu likagoma kabla hata sindano haijashuka. Nikaziweka mbili kando ya rula ileile ya kwenye picha. Tofauti ilionekana bila hata kuinama: walikuwa wamenitumia ya bobini kubwa.

Jibu lao la kwanza ndilo lililoniumiza kuliko yote yaliyofuata. Walisema pyesi za zamani zinauzwa kama zilivyo, hazirudishwi. Papa, hapa nakuomba usome polepole. Sharti kama hilo linahusu hali ya kitu: kutu, mikwaruzo, kulika kwa sababu ya miaka. Mnunuzi wa vitu vya zamani anayakubali hayo, na mimi niliyakubali. Lakini naveti ile haikuwa na kasoro yoyote ya uzee. Ilikuwa nzima kabisa, ila ya mashini nyingine. Kuutumia uzee wa kitu kufunika kosa la anayefungasha ni kumwonea mtu aliye mbali ambaye hawezi kuja dukani kugonga mlango.

Masharti yao wenyewe yaliandika kwamba mauzo yanafuata sheria ya Uingereza. Basi nikaitafuta. Sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Isipolingana, mnunuzi ana siku 30 za kuikataa, gharama ya kawaida ya kuirudisha ni ya muuzaji, na muuzaji akishakubali ana siku 14 za kurudisha pesa kwa njia ileile iliyolipiwa, bila kukata ada. Nikawaandikia hayo kwa upole, nikaambatanisha ujumbe wao na picha mbili. Lugha ikabadilika. Wakakubali kosa, kisha wakanipa salio la kununulia vitu vingine dukani kwao. Nikakataa, kwa sababu hawakuwa na naveti ninayoitaka, na salio lisingenishonea kiatu. Wakasema basi nirudishe kwa gharama yangu, nao watakata asilimia 20 ya kuipokea stoo.

Nililipa kwa PayPal, ile huduma ya kulipa kwa intaneti, nikafungua malalamiko huko. Muda wao ni siku 180 tangu ulipolipa, lakini ukishafungua usilale: usipoyapandisha ndani ya siku 20 ili wao waamue, yanafungwa yenyewe. Uamuzi ukawa upande wangu, kwa sharti kwamba nirudishe kitu kwa njia inayofuatiliwa, nauli juu yangu. Nikaenda kuuliza bei kwa kampuni za mizigo hapa mjini. Kipande cha chuma kinachoingia kiganjani, na nauli ya kukipeleka Uingereza ilizidi thamani yake. Ndipo nilipokubali kile duka lilichokitoa mwishoni: dola 32, naveti ibaki kwangu. Nauli ya kuja na nilichotoa duane, yaani forodha, havikurudi.

Kwa hiyo ushindi wa kwenye karatasi unaishia pale nauli inapoanza. Sisi tulio huku bei ya kurudisha ndiyo inayoamua, na maduka yanalijua hilo vizuri.

Sasa wewe. Sheria niliyoitaja inamlinda mtu anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe. Ukinunua kwa jina la atelie unahesabiwa mfanyabiashara, na zile siku 30 na nauli ya bure si zako. Bado wana sheria nyingine ya mwaka 1979 inayotaka kitu kilingane na maelezo yake hata kati ya wafanyabiashara, lakini kuidai ukiwa Lubumbashi ni kazi nzito. Ndiyo maana nakusihi uwabane kabla ya kulipa, wakati makuta bado yako mfukoni mwako: waandike kipimo cha naveti kwa milimita, waandike ni ya bobini ipi, na waandike nani atalipa nauli kama ikija isiyo yake. Duka likikataa kuandika jambo hilo la mwisho, mimi nisingelipa. Na usikubali kamwe kulipa kwa njia ya kumtumia rafiki pesa, hata wakikupunguzia bei, maana hapo PayPal hawakulindi.

Naveti sahihi hatimaye niliipata kwa fundi mmoja wa Kamalondo, ya China, mpya. Nilibeba ile ya baba mkononi tukazilinganisha kabla sijatoa franga. Inashona vizuri kwenye ngozi nyembamba. Kwenye soli nene bado inaruka mishono, nadhani ni meno ya ile pete yaliyolika.

Ile ya bobini kubwa bado ninayo, nzima, haijawahi kutumika kwangu. Kama 29K yako ni ya bobini kubwa, njoo Katuba na naveti yako ya zamani tuzipime. Ikikaa, nipe dola 32 uichukue.