Krispi za viazi zinageuka nyeusi

SWALI: Shikamoo Mama. Jirani yangu Mhindi hukausha vipande vya viazi juani, kisha huvikaanga. Nimemuiga, ila vyangu vinakuwa vyeusi. Kwa nini? Msomaji, Jinja.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni hewa inayogusa kiazi kilichokatwa. Kila kipande kitumbukie papo hapo kwenye maji baridi, ukisuuze mpaka maji yasiwe na wanga. Kisha kitie kwenye maji ya chumvi yanayochemka; kikipinda bila kukatika, epua. (Wengine huweka bizari. Mimi sitaki.) Tandaza kwenye shuka ya pamba, visigusane, na jioni uviingize ndani. Vikivunjika kwa mlio, vimekauka. Anza Januari au Julai. Mvua za Aprili zitakuletea ukungu tu.