Mama mwenye nyumba ananialika kwenye sikukuu ya hekalu la kijiji chao

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nasoma India, jimbo la Tamil Nadu, na nimepanga kwa mama mmoja wa Kihindu kijijini. Mwezi wao wa Aadi ukifika wana sikukuu ya Mariamman, mungu wao wa kike. Ananitaka nivute kamba za gari la sanamu pamoja na wanawe. Mwaka jana nilikunywa uji wao, sikujua kama umetolewa kwanza sadaka kwa sanamu hekaluni. Mwenzangu anasema ni utamaduni tu, na nia yangu Allah anaijua. Mama huyu aliniuguza nilipopata homa ya dengi. Naona uzito kumkatalia.

JIBU: Wa alaykumus salaam. Ndugu yangu, kamba hiyo usiishike.

Maneno ya mwenzako yamenisumbua kuliko swali lenyewe, maana siku hizi nayasikia kila mahali. Utamaduni tu? Amtazame mwanamke aliyefunga siku kadhaa, amevaa nguo ya manjano, kichwani ana chungu kilichopambwa majani ya mwarobaini, anakanyaga makaa ya moto kutimiza nadhiri aliyoiweka mwanawe alipougua. Kisha amwambie kwamba hilo ni utamaduni tu! Yule anaabudu. Anamwomba Mariamman mvua na kinga ya maradhi, kama wazee wake walivyomwomba awaepushe na ndui. Mtu aliyetaka kutimiza nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwanza: palikuwa na sanamu lililoabudiwa? Palifanyika sikukuu yao yoyote? Alipojibiwa hapana, ndipo akamruhusu. Nia ya mtu yule ilikuwa safi, na bado mahali paliulizwa. Nia njema haihalalishi lililokatazwa, na mkono ulio kwenye kamba unalizungusha sanamu kijijini, moyo uwe na nia yoyote.

Uji wa mwaka jana usikukoseshe usingizi, hukujua. Mwaka huu umeshajua, basi uache, na nyama ya mbuzi na jogoo waliochinjiwa hekaluni usiiguse kabisa.

Sasa huyo mama. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake akiwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume, naye akamwamrisha aunge naye udugu. Wako huyu alikukeshea ulipougua. Usingoje siku ya gari ndipo ujifiche chumbani. Nenda mapema, jioni ametulia, mwite Amma (mama) kama siku zote, umwambie dini yako haikuruhusu kushiriki ibada isiyokuwa yake. Mtu wa nadhiri na saumu ataelewa mwenye miiko yake. Siku hizo mtekee maji, mlindie nyumba, muangalizie wajukuu. Na kama simuni mwako mna video za kuwacheka wanaopita motoni, zifute leo. Allah ametukataza kuwatukana wanaoombwa badala Yake (Qur'ani 6:108).

Idi ikifika, sahani ya kwanza ya pilau iende kwake. Muulize mapema kama anakula nyama.