Kodi ya kununua nyumba chakavu Italia

Ndugu, umeuliza kama mgeni anatozwa zaidi akinunua nyumba ya kukarabati Italia. Hapana, uraia haupandishi kiwango. Kinachoangaliwa ni kama utahamia pale. Ukinunua kwa mtu binafsi, kodi ya usajili ni 9%. Ukihamishia makazi yako kwenye manispaa hiyo ndani ya miezi 18, na huna nyumba nyingine iliyopata nafuu hiyo, inashuka hadi 2%.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo pesa inapotea bure: mwambie notaio anayesimamia mauzo aandike kwenye hati kwamba kodi ikokotolewe kwa thamani ya daftari la serikali la majengo, si bei mliyopatana. Tuseme huhamii pale, bei ni yuro 60,000, na pato la daftari (pato la mwaka ambalo serikali imeikadiria nyumba hiyo) ni 300. Zidisha kwa 126, kizidishio cha kisheria cha nyumba usiyohamia, unapata 37,800. Kodi ya 9% ni 3,402. Bila ombi hilo ungelipa 5,400.

Kodi hii ya usajili haishuki chini ya yuro 1,000, hata kwa zile nyumba chakavu zinazouzwa kwa yuro moja tu. Na kama jengo halikaliki, toa taarifa manispaa mapema, kodi ya kila mwaka (IMU) ikatwe nusu.