Kufukia anodi za magnesiamu

SWALI: Bomba letu la maji la chuma, lililofukiwa ardhini mjini Tanga, linaliwa na kutu. Anodi za magnesiamu, yaani vipande vya metali vya kulikinga, hufukiwaje?

JIBU: Ndugu msomaji, magnesiamu huliwa badala ya chuma kwa kuwa huachia elektroni kwa urahisi zaidi, mradi udongo uwe na unyevu na waya wa anodi uungwe barabara kwenye bomba. Ondoeni plastiki ya nje ya anodi, lakini mfuko wa kitambaa wenye jasi na bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi) ubaki. Na tafadhali msiinue anodi kwa waya wake, kwani kiungo hukatika bila kuonekana. Ifukieni kando ya bomba, mkiimwagia maji mengi. Hatimaye pimeni volteji: bomba lifikie angalau milivolti 850 hasi dhidi ya elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, yaani kifaa cha kulinganishia kinachogusishwa udongo.